Walichofuta na Walichoacha

Jumapili, 5 Februari

Leo baada ya ibada nimembana Rhonda kwenye ngazi za kanisa. Rhonda wa ofisi ya ustawi wa watoto – tunaimba kwaya pamoja miaka nenda miaka rudi. Nimemuuliza tena: nilipiga simu mara tatu kwamba Colby yuko hatarini, mliandika? Akaangalia viatu vyake. "Dada Verna, unajua siruhusiwi. Ni siri ya mtoto."

Siri ya mtoto! Mtoto yuko kaburini tangu Oktoba. Miaka minne tu, kauawa na yule mwanaume wa mama yake. Anafichiwa nini sasa?

Bakuli la Rhonda bado liko kabatini kwangu. Alileta maharage siku ya msiba, jina lake kaliandika kwenye plasta chini ya bakuli, kama tufanyavyo wote. Yaani huku kwetu ukipika chakula cha matanga unaandika jina. Ukiacha mtoto afe, huandiki.

Jumatano, 8 Februari

Tumeshinda! Gazeti la jiji liliishtaki ofisi ya kina Rhonda, na jaji kule Frankfort, mji mkuu wa jimbo, ameamuru faili la Colby lifunguliwe. Nimepiga kelele jikoni mpaka mbwa akabweka. Sasa watu watajua!

Tressa hakufurahi. Ni dada yake Colby, wote watoto wa marehemu kaka yangu, naishi naye tangu msiba. Aliacha kula. "Na yale niliyomwambia Bi Rhonda, Shangazi?" Nikamwambia majina yote yatafutwa kwa wino mweusi, hakuna atakayekujua. Akasema haya. Ile haya ya mtoto asiyeamini.

Jumanne, 14 Februari

Limetoka gazetini. Ukurasa mzima. Simu zangu zote tatu zimo, na kila moja pembeni yake: "haihitaji hatua." Haihitaji! Basi sikuwa mwongo. Wala si mbea, kama alivyoniita mkuu wa kina Rhonda mbele za watu.

Nikaendelea kusoma. Laiti ningeishia hapo.

Jina la ofisa – jeusi. La mkuu wake – jeusi. Kazi safi kweli, hata ukiliinua gazeti kwenye dirisha huoni kitu. Halafu: "Dada wa marehemu, darasa la sita, mpiga tarumbeta katika bendi ya shule." Bendi yetu ina msichana mmoja tu wa tarumbeta! Na chini yake maneno yake, neno kwa neno. Kwamba siku Colby alipouawa alijificha ndani ya kabati la nguo. Kwamba Colby aligonga akimwita. Kwamba hakumfungulia.

Mimi mwenyewe sikuwa nikijua. Hakuwahi kuniambia, nami sikumchokonoa. Nimeyasoma pamoja na kaunti nzima.

Jumatano, 15 Februari

Kwenye duka la kituo cha mafuta, Bi Opal wa kaunta kamshika Tressa kidevu mbele ya foleni. "Usijilaumu, kipenzi. Ulikuwa unaogopa tu." Tressa akasema asante. Asante!

Kutoka hapo nimempelekea Rhonda bakuli lake. Tupu. Huku bakuli halirudishwi tupu, hata kama ni kipande cha mkate wa mahindi unaweka. Kalitazama ndani, kaelewa. Akaanza kulia. "Si mimi niliyefuta, Verna, ni watu wa makao makuu. Nilimwahidi yule mtoto. Nilimwahidi!" Nikamwambia jina lako lakini walilifuta vizuri. Maji yameshamwagika, hayazoleki. Nimeondoka, na njia nzima sikujua namkasirikia nani – yeye, gazeti, au mimi niliyeshangilia jikoni.

Alhamisi, 16 Februari

Tarumbeta imebaki chini ya kitanda. Asubuhi hakuichukua, nami sikumuuliza.

Sasa karudi kutoka shule. Kasimama mlangoni mwa jikoni, koti hajavua.

"Shangazi, lile gazeti liko wapi?"

Nikasema nimelitupa.

"Muongo. Liko chini ya debe la unga, nimeliona. Nipe. Darasa zima wameshalisoma, bado mimi tu."

Nikamuuliza la nini, mwanangu, la nini?

"Nataka kuona kama waliandika na pale nilipofungua. Nilifungua, Shangazi. Nilichelewa, lakini nilifungua. Nilimwambia Bi Rhonda."

Hawakuandika. Nimelipekua lote, hakuna. Naandika haya ili nisimtazame usoni. Bado kasimama pale, mkono kaunyoosha –