Kanzu Uliyonishonea Haikuwa Fupi

Baba,

Shikamoo. Najua waliolala makaburini wana salamu yao, na wewe ndiye uliyenifundisha, lakini hiyo nitaisema nikifika ulipo. Leo nakuamkia kama nilivyokuamkia miaka yote kwenye simu, kutoka huku Malvern, Johannesburg. Nimekaa kitandani, miguu imeinuliwa juu ya mito miwili, na hiyo miguu ndiyo habari yenyewe. Naiandika wazi, atakayeisoma aisome, kwa sababu nilipokudanganya nilikudanganya mbele za watu.

Sikugongwa na gari, Baba. Hakukuwa na dereva aliyepita robot nyekundu, yaani taa za barabarani, pale Jules Street akakimbia. Gari pekee lililohusika ni langu, na hilo nililiuza. Miguu yangu ilivunjwa na daktari, kwa hiari yangu, chini ya magoti yote mawili, ili nirefuke.

Nakuona unavyovua miwani kuifuta kwa pindo la kikoi, kama ulivyofanya kila ulipoambiwa jambo la kipuuzi.

Wewe na mimi tulikuwa kipimo kimoja. Kaka Athumani alichukua kwa wajomba, akaota mpaka anainama mlangoni, mimi nikachukua kwako. Nilipofika miaka kumi na saba tukawa sawa, bega kwa bega, na tangu hapo hukunipima tena. Kule barazani kwetu Ngamiani, Tanga, wateja wengine uliwapima kwa tepu, ukaandika kwenye kijitabu, lakini kanzu yangu uliikata kwa mwili wako. Ukishaipiga pindo unaivaa, unatembea nayo kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye mtungi na kurudi, unamuuliza Mama, "Imemkaa?" Mama anajibu, "Imemkaa," na mimi mwenyewe sipo hata nyumbani. Nilikuwa naona fahari. Nilidhani baba wote hushonea watoto wao hivyo.

Fahari hiyo nikaja kuipoteza huku. Kwenye taksi kondakta ananiita mfana, yaani kijana mdogo, na nina miaka thelathini na minne. Dukani kwangu wateja wananiuliza mwenye duka yuko wapi. Hayo niliyameza. Lililonikaa kooni ni la msikitini, ile Idi niliyosimama safu ya pili, mzee mmoja wa Kizanzibari akanishika bega kutoka nyuma: "We mtoto, rudi safu ya wenzako, wakubwa hawajapata nafasi." Nikageuka akaona ndevu. "Astaghfirullahi, kumbe mtu mzima!" Watu wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikacheka nao. Nilirudi nyumbani bila kula pilau ya mtu.

Nilikupigia nikakueleza. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Mimi wameshanirudisha mara tatu," ukasema. "Safu ya nyuma ina upepo, na mkitoa salamu unakuwa wa kwanza kwenye viatu." Nilikasirika, Baba. Nilitaka unionee huruma, wewe ukanipa mzaha uliokutosha wewe maisha yako yote. Nilikata simu nikisema mtandao mbaya. Nadhani uamuzi niliufanya siku ile, ingawa ilinichukua miaka miwili kufika kwa daktari.

Nisikufiche namna inavyofanywa. Mfupa unakatwa, halafu mguu unazungushiwa mapete ya chuma, na misumari inapita kwenye nyama mpaka mfupani. Mara nne kwa siku unashika spana ndogo unakaza skrubu wewe mwenyewe, milimita moja kwa siku, na mwanya kati ya mifupa unaota mfupa mpya. Zaidi ya miezi miwili nilijivuta hivyo, nikapata karibu sentimita saba. Miezi iliyofuata ilikuwa ya kungoja mfupa ukomae, nikiosha matundu ya misumari kwa maji ya chumvi na kulia kwenye taulo.

Aliyeniuguza ni jirani yangu, Papa Safari, Mkongo wa Bukavu, mlinzi kwenye ofisi za Randburg. Yeye peke yake huku alijua ukweli, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akinibeba chooni. "Mon frère, ndugu yangu, weye uko na akili kweli?" aliniambia siku ya kwanza aliyoviona vyuma. "Kwetu batu banakimbia juu basivunjwe miguu. Weye unaenda kulipa bakuvunje!" Kisha akainua ndoo akaenda kuimwaga, wala hakurudia maneno hayo.

Wengine wote niliwaambia gari. Watanzania wa huku wakaja na matunda, wakasoma Yasini sebuleni kwangu, na yule mzee wa Kizanzibari alikuwamo, akaomba dua ndefu kuliko wote. Mama akaweka nadhiri ya kufunga Jumatatu na Alhamisi mpaka nitakaposimama. Nilimsikia kwenye simu sauti imekauka kwa swaumu, nikasema, "Asante, Mama."

Wewe hukuweka nadhiri. Ulisema utanishonea kanzu ya siku nitakayosimama, na darizi ya kaba, pale shingoni, utaitia kwa mkono, si kwa mashine. Ilikuchukua wiki tano. Ikaletwa na dada mmoja wa Tanga aliyekuwa anarudi Kensington, mtaa wa huku huku Johannesburg, imefungwa kwenye gazeti, na ndani yake vijiti viwili vya udi. Vyuma vilikuwa vimetolewa mwezi mmoja kabla. Asubuhi ya Idi nikaivaa, nikajiangalia kwenye kioo. Mabega sawa, mikono sawa, kaba kama maua. Chini ilikomea vidole vinne juu ya vifundo.

Ningeweza kusema imechafuka. Ningeweza kusema haijafika. Lakini simu ikalia, na nyote mlikuwa mnangoja mbele ya kamera, Mama ameishika, nami nikadhani hutaona.

"Simama wima," ulisema. "Geuka. Umekunja goti?"

"Hapana, Baba."

"Rudi nyuma kidogo nione." Ukasogeza uso karibu na simu mpaka nikaona paji tu. "Mabega yamekaa. Mikono imekaa. Urefu mbona umenikimbia?"

Mama akasema kando, "Labda mifupa ilivyounga."

"Mtu akivunjika hupungua, haongezeki," ulimjibu. "Na mimi niliivaa ikanikaa." Naikumbuka sura yako ulipokuwa unapiga hesabu ile. "Basi ni mimi. Nimesinyaa."

Hapo ndipo palikuwa pangu pa kusema. Neno moja lingetosha. Nami nikasema, tena kwa sauti ya upole ili nionekane mtoto mwema: "Ndio uzee, Baba. Kila mtu hufika huko."

Ulitikisa kichwa ukasema Idi njema, ukamwachia Mama simu.

Wiki mbili baadaye Athumani akanipigia kunieleza kwamba umewarudishia watu vitambaa vyao. Umemrudishia hata imamu wenu, ambaye hakuwahi kushonewa na mtu mwingine. Uliwaambia mwili wako umekuwa tepu iliyokatika, na fundi asiyejua urefu wake mwenyewe asiharibu mali ya watu. Athumani akaniuliza kama nina la kukwambia, maana mimi ndiye unayenisikiliza. Nikamwambia mwache mzee apumzike. Ukafunika cherehani kwa shuka. Wanasema ulikuwa ukikaa barazani mikono imelala mapajani, watu wakipita unawaangalia mapindo ya kanzu zao.

Miezi miwili baada ya ile Idi ukaugua siku sita ukafa. Athumani akasema wataahirisha maziko mpaka asubuhi ya pili kama naweza kupata ndege. Nilikuwa natembea kwa magongo, lakini nilikuwa natembea. Nikamwambia daktari amenikataza kusafiri. Daktari hakunikataza, Baba. Niliogopa kushuka kaburini mpaka mwanandani kukupokea, watu wamezunguka juu, wote wanaonijua, na kila mmoja anajiuliza mbona huyu ameota. Ukapokewa na Athumani na watoto wa jirani. Mimi nilikaa kwenye kochi huku Malvern, simu mkononi, nikisikiliza udongo unavyotiwa.

Huku watu hawajui haya. Msikitini naswali kwenye kiti, kwa sababu visigino havijafika chini vizuri na vifundo havikunjiki. Urefu niliouvunjia miguu naukalisha kwenye kiti cha plastiki, na nikikaa mimi ndiye mfupi kuliko safu nzima. Yule mzee wa Kizanzibari ndiye anayenitengea hicho kiti kila Ijumaa. Ananipangusia na vumbi. Kila akiniuliza habari ya miguu, namjibu Alhamdulillahi, na uso unaniwaka.

Ningeendelea hivyo, nakwambia kweli. Njia ya mwongo ni fupi, walisema, lakini yangu nilishaitembea mwaka mzima na zaidi, nikaizoea. Kilichonikwamisha ni Mama.

Alinipigia Alhamisi iliyopita. Eda imekwisha, ametoka, na anagawa nguo zako. Athumani hazimwingii. "Kanzu zake kumi na moja," akasema, "nimezifua, nimezipiga pasi, nazituma kwako. Nani mwingine atazivaa? Nyinyi mlikuwa mtu mmoja."

Nikaitazama miguu yangu juu ya mito.

"Hazitanifaa, Mama."

"Umenenepa?"

"Hapana. Nimerefuka."

Nikamwambia yote. Gari ambalo halikuwapo, daktari, spana, kanzu ya Idi. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo baba yako hakusinyaa?"

"Hakusinyaa, Mama."

Ndipo akanieleza jambo ambalo Athumani alinificha kwa kunionea huruma. Wiki ya mwisho kabla hujaugua uliondoa shuka kwenye cherehani, ukatoa kile kitambaa cheupe cha bafta ulichokuwa umejiwekea, ukajikatia sanda yako mwenyewe. Mama alikwambia mbona fupi. Ukamjibu kwamba kipimo cha zamani si chako tena, bado unaendelea kusinyaa, kwa hiyo umejipunguzia shubiri nzima, na hutaki kuzikwa na kitambaa cha israfu. Mama akacheka. Alikwambia, "Kweli umekuwa mzee wewe." Siku ya maziko sanda haikutosha kufungwa miguuni. Wakatafuta kitambaa kwa jirani, wakaongezea. Na nje, wanaume waliokaa kwenye mikeka wakasikika wakisema: fundi wa watu, yake mwenyewe imemshinda.

"Tulimzika na kiraka," Mama akasema. "Na mimi nilimcheka." Halafu akalia, na kicheko chake pia nilikitia mimi kinywani mwake.

Alipotulia hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema, "Utakuja. Utakaa pale barazani kwake uwaambie watu kwa mdomo wako. Mimi sitakusemea." Nikamwambia naona haya. Akajibu, "Na yeye aliona haya. Miezi miwili, kila siku, na hakuwa na kosa." Akakata simu.

Nasafiri Jumatano. Papa Safari ameniazima begi lake la magurudumu. Kesho kabla ya swala ya Ijumaa nitaanza na hapa, na yule mzee wa kiti, kabla hajakipangusa. Huko Ngamiani nitakwenda nyumba kwa nyumba kwa kila uliyemrudishia kitambaa, nikianzia kwa imamu, niwaombe waje barazani. Watacheka, na wana haki. Wengine watataka kuona makovu, nami nitapandisha suruali. Watoto watanipa jina, na jina hilo nitazeeka nalo. Nimelala nalo siku hizi zote, nimeona kwamba naliogopa kuliko nilivyoogopa misumari, na hiyo yenyewe ni aibu nyingine.

Sikuombi msamaha kwa miguu. Miguu ni yangu, na maumivu yake yananitosha. Kosa ni lile neno la uzee nililokwambia siku ya Idi. Ulikuwa umesimama mbele ya simu ukiwa mtu mzima kamili, fundi wa vipimo vya mji mzima, nami nikakubali upungue ili mimi nionekane sikuongezwa. Ukaniamini kuliko mwili wako. Ukaingia kaburini ukijihesabu kwa neno langu.

Nitakuja kwako mwisho, baada ya kumaliza kuwaambia watu, ili nisikuletee ahadi tupu. Lakini hili siwezi kulingoja mpaka Jumatano, kwa hiyo nakwambia sasa: mkono wako haukukosea, Baba, na hukupungua hata unene wa uzi.

Mwanao,
uliyekuwa ukimshonea bila kumpima.