Kipimo cha Pili cha Kichwa Chako

Baba mpendwa,

Huko kwetu Mlali wanapanda karanga sasa, nami nakukumbuka ukiwa mbele na jembe, mimi nyuma na mbegu. Nilikuwa na miaka saba. Uliniambia niache hatua moja kati ya shimo na shimo, nami nikaacha hatua zangu, si zako, mbegu zikabanana hadi mwisho wa tuta. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama," ukasema, maana uliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yako, "hiyo miguu yako itatumalizia mbegu."

Nilipopata kazi hospitalini Dodoma, uliwaambia watu kanisani kwamba binti yako anapiga picha za mawazo. Nilikusahihisha mara ngapi? Nikakueleza kwamba mashine ya MRI inafuatilia maji yanavyojongea kwenye nyuzi nyembamba za ubongo, na kwamba shida yetu ni moja tu: kichwa kilekile ukikipima leo na ukakipima tena baadaye, majibu hayafanani. Kazi yangu ilikuwa kutafuta sababu. Ukasikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Basi chukueni changu. Siku hizi hakina kazi nyingi."

Mara ya kwanza alikupima fundi wetu wa mashine, mzee mwenzako, mtu wa maneno machache. Ulitoka ukilalamika kwamba mle ndani kuna kelele kama mashine ya kusaga, kisha ukaja kwangu ukala ugali wa uwele na kuusema mlenda wangu. Nilifurahi siku ile, baba.

Wiki mbili baadaye alikupima Neema, binti mgeni kazini. Majibu yakashuka. Kwa kipimo kile, nyuzi za ubongo wako zilionekana zinachakaa. Na wiki hiyohiyo ulimwita mtoto wa mwanao Yohana kwa jina la mdogo wake. Nikaunganisha mambo hayo mawili, mimi niliyesomeshwa nisiunganishe mambo ovyo.

Nikaita kikao cha ndugu, nikasema baba asiishi tena peke yake. Nani angenibishia? Mashine ilikuwa yangu. Wewe ulisema tu, "Sijapotea, mama. Kila kisiki cha shamba langu nakijua." Nikakujibu kwa ile sauti laini tunayowasemeshea wagonjwa. Naichukia sauti hiyo mpaka leo.

Ukakaa kwangu karibu mwaka mzima, kibarazani, mikono imelala mapajani. Mvua zilipoanza uliniuliza kila asubuhi kama Mlali imenyesha. Nilikuwa na haraka ya kazi, nikawa nakujibu kwamba sijui. Kisha homa ya mapafu ikakuchukua ndani ya siku tano.

Mwezi uliopita nilikaa chumba cha mitambo nikimtazama Neema akimpima mzee mmoja wa kijiji cha Zuzu. Mashine ilikuwa imeshaanza alipobonyeza kipaza sauti.

"Shikamoo, babu."

Mzee akaitikia marahaba, akatikisa kichwa, akaulizia na wazazi wake Neema kama hawajambo. Baada ya muda Neema akabonyeza tena, "Pole, babu, bado kidogo," na mzee akashukuru kwa kichwa kizima. Kila akitikisa, picha kwenye skrini zilichafuka.

"Neema, mbona unamsalimia akiwa humo?"

"Dada, ningemsemeshaje mzee bila shikamoo?"

Nikaenda kuzifungua picha zako, moja moja. Nyingi zilikuwa na michirizi, na nilikuona humo, baba, ukimwitikia mtoto wa watu kwa heshima zote. Nikazitoa zilizoharibika, nikapiga hesabu upya. Majibu yakakaribiana kabisa na yale ya mara ya kwanza. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikutaka iwe hivyo.

Sasa tumebadili utaratibu. Salamu zinamalizwa nje, watu wamekaa, na habari za nyumbani zote zimeulizwa. Ndipo mzee analazwa, kichwa kinabanwa na sponji, na anaombwa asimjibu mtu yeyote mpaka atoke. Vipimo vimeanza kufanana. Wenzangu walinipongeza, nikaenda kujifungia chooni nikalia.

Nimekukosea. Ulikuwa mzima na ulituambia, lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kuitilia shaka mashine, niliiamini mashine nikakutilia shaka wewe. Hata jina la yule mtoto, ni nani mwenye wajukuu tisa asiyechanganya majina?

Jana nilimpigia Yohana nikamweleza yote. Akasema, "Kumbe mzee angefia kwake."

Sina la kukupa ila hili neno ambalo lingekufaa ukiwa hai: nisamehe, baba. Pumzika.

Ni mimi, binti yako.