Mgeni Asiyenuka Moshi

Jumanne, 19 Aprili 1831

Mvua. Nimekamua ng'ombe wote kabla bi mkubwa hajaamka, nikamwaga maziwa ya kwanza chini ya mti wa miiba, sehemu ya Wenyewe, wale wa chini ya ardhi tusiowataja jina, kama kila siku. Leo kulikuwa na mwanamume amekaa pale. Koti lake kavu kabisa — na mimi natiririka maji! Akanishukuru kwa maziwa. Nikamwambia si yako, ni ya Wenyewe. Akacheka. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ni mmoja wao. Sikukimbia. Sijui kwa nini.

Alhamisi, 21 Aprili

Kaja tena. Ananiita Onóra, polepole. Humu ndani mimi ni "wewe", au "wewe msichana" siku za wageni. Akikaribia, kuku hunyamaza wote kwa pamoja, na yule ng'ombe mwekundu hubana maziwa mpaka aondoke. Nilimsogelea nikanusa bega lake (aibu yangu). Hana harufu. Sisi watu wa huku Clare tunanuka moshi wa mboji tunayochoma mekoni, tangu kubatizwa mpaka kuzikwa, hata kasisi. Yeye hanuki kitu. Nikamuuliza. Akasema kwao hakuna moto.

Nimemwonea huruma. Nimelala nayo hiyo huruma, na asubuhi nikachana nywele vizuri.

Jumapili, 24 Aprili

Kanisani sikusikia neno. Mór mpishi ananitazama tangu juzi. Leo akanibana jikoni.

"Mapenzi ni kikohozi, binti, hayafichiki. Ni nani? Yule fundi wa kwato za farasi?"

"Hakuna mtu, bibi."

"Asiye mtu ndiye ninayemwogopa."

Akanitia msumari wa kiatu cha farasi mfukoni. Nimeutoa kabla ya kwenda kukamua, kwa sababu yeye hawezi kukaa karibu na chuma. Ndiyo, nimejua hilo na nimeutoa.

Jumatano, 27 Aprili

Kanitaka! Anasema asubuhi ya Mei Mosi nimpe kaa moja la moto kutoka meko yetu, nimpitishie juu ya nusu-mlango, kile kipande cha chini kinachobaki kimefungwa. Atakuwa na meko, nami nitakuwa mwenye nyumba. Sitasugua tena pipa la siagi la mtu mwingine.

Kila mtu anajua moto ukitolewa nyumbani asubuhi hiyo, baraka ya nyumba huondoka nao. Siagi haigandi mwaka mzima. Nimewaza kutwa. Basi si siagi tu? Watanunua sokoni Corofin. Bi mkubwa leo kanirushia mwiko, eti nasinzia wima mithili ya farasi. Mimba imemkalia vibaya, najua, lakini mwiko ni mwiko.

Nitampa. Nampenda. Nimeshaandika, basi.

Jumamosi, 30 Aprili

Bi mkubwa kajifungua mtoto wa kiume. Ilikuwa shida. Alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho, na mtoto alipotoka akasema, "Mpeni yeye kwanza, ndiye aliyenivumilia." Nikampokea mimi. Ana nywele nyekundu na hasira za mama yake. Kanishika kidole, na mimi nimelia kama mjinga.

Hajabatizwa bado. Mór kaweka koleo la makaa, chuma kitupu, juu ya kitanda cha mtoto.

"Wenyewe huwataka hawa wasio na jina. Koleo lisitoke hapa hata nyumba ikiungua. Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Nimesikia, bibi."

Bwana wa nyumba ataondoka alfajiri kumleta kasisi.

Jumapili, 1 Mei

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Bwana kaenda. Bi mkubwa na Mór wamelala hoi. Mgeni wangu alikuja jua likichomoza, akasimama nje ya nusu-mlango, mzuri kupita siku zote. Akaniomba moto. Nikaenda mekoni. Koleo liko juu ya mtoto. Nikasita.

"Chukua koleo, mpenzi, usije ukaungua."

Nikamwambia nitatumia kijiti.

"Kwa koleo."

Sauti ileile ya upole. Koleo sikuligusa. Nikalitwaa kaa kwa mkono mtupu, nikavuka nalo jikoni, ngozi inaungua naisikia, nikamnyooshea juu ya mlango. Moto huu hapa. Niliokuahidi.

Hakuutazama. Hakuutazama hata kidogo! Macho yake yalinipita begani, yakaenda kitandani.

"Kwa koleo, Onóra."

Kaa lilianguka ndani, kizingitini. Limezimika. Yeye bado yupo. Hawezi kuingia, wala haondoki. Kuku kimya. Mtoto kaamka lakini halii — anachekea mlangoni, na mtoto wa jana hajui kucheka. Nimemwita Mór, nimepiga kelele, hageuki hata kitandani. Pumzi anazo.

Barabarani hakuna farasi wa bwana.

Anasema anayajua majani ya kupoza mkono wangu. Anasema chini kwao hakuna anayeitwa "wewe". Nisogeze koleo kando kidogo tu, shibiri moja. Nampenda bado, hilo ndilo baya. Nimekaa sakafuni, mgongo umekiegemea kitanda chenye koleo ili nisiweze kuligeukia, na mtoto ananivuta nywele kwa nyuma, anazielekeza mlangoni.