Damu ya Dada

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji bado yuko mahabusu. Mpelelezi alirudi leo, yule mwanamke mpole mwenye miwani. Nyumbani kwa dada: matone ukutani, michirizi koridoni, taulo mbili zimelowa chapachapa. Kasema damu yote hiyo haitoki kwenye kidonda kidogo cha kichwa. Dada alipigwa, akakimbia, akapigwa tena. Shemeji anashikilia kwamba alitoka kazini akamkuta chini jikoni, keshakufa.

Mama akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia! Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Machi
Tulipokuwa wadogo dada aling'olewa jino, damu ikatoka mpaka kesho yake. Pua yake ikianza, ndoo! Damu yetu haigandi upesi—yake, na yangu pia. Daktari alishasema. Mama akatufunga midomo: nani ataoa mgonjwa? Dada akaolewa na siri yake. Mumewe hajui lolote. Atajitetea kwa lipi?

Simpendi shemeji. Ana domo chafu, kamliza dada mara nyingi. Labda ndiyo maana ulimi wangu umekuwa mzito. Lakini kuwa na domo si kuua.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mama nakwenda kusema. Kaacha kukunja nguo. "Unataka kumwanika dada yako kaburini?" Nikamwambia kuna mtu aliye hai yuko selo. "Na mchumba wako akisikia?"

Aibu iliyoje! Hilo hilo ndilo nililokuwa nikiliwaza.

Ijumaa, 8 Machi
Kituoni, benchi la nje; mama alinifuata, tukaingia wote. Nimesema. Kwamba damu ya dada ilikuwa haigandi, kwamba angeweza kuanguka tu na kuhangaika na taulo peke yake. Vyeti vya hospitali? Hatuna. Nikamwambia ugonjwa ni wa ukoo, nipimeni mimi. Mpelelezi kavua miwani. Kasema hilo halimsafishi shemeji, ila damu ile itabidi iangaliwe upya.

Halafu akauliza: na mavilio ya vidole mikononi mwa marehemu? Si mtu alimshika kwa nguvu?

Nikapandisha mkono wa blauzi. Jana mama alinikamata pale mlangoni kunizuia nisitoke, wala hakukaza sana. Vidole vyote vinne vimejichora, zambarau tupu.

Mpelelezi akatazama mkono wangu, akamtazama mama. "Mama, wewe baki kidogo."

Mlango umefungwa. Mama analia—namsikia. Ila neno la ugonjwa wetu bado hajalitamka.