Jiwe la Baba

4 Februari

Binti yangu, daktari wa panya,

Hujambo? Na hao panya wako je? Sisi huku wazima, ukiacha kifua changu ambacho kimenigeuka. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu pumzi inakata hata salamu hazijaisha, na wewe ukinisikia nakohoa unaanza kulia, nami vilio siviwezi.

Barakoa ulizotuma zimefika. Nzuri, zina vichujio pembeni kama masikio. Asante.

Karakana inakwenda vizuri. Siku hizi kila mwenye jiko anataka meza ya haya mawe ya kiwandani yanayong'aa, na mdogo wako Bonge anayakata kama anakata sabuni. Mimi nakaa kwenye kiti mlangoni, nampigia kelele. Daktari wa hapa anasema mapafu yangu yameota makovu kwa vumbi la ujanani. Hebu nieleze wewe uliyesoma: vumbi, kitu cha kufagia tu, linamwezaje mtu mzima?

Jambo jingine. Nimechagua bamba jeusi la mawe hayo hayo, gumu kuliko yote, liwe jiwe la kaburi langu. Bonge atalikata, alisugue mpaka ling'ae, na achonge jina langu. Sitaki kulala chini ya saruji kama mama yako.

Wako, Baba

26 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Panya wa maabara wanakufa kama kawaida, ndiyo kazi yao na ndiyo yangu.

Umeniuliza, nakujibu. Ndani ya mapafu kuna seli za usafi. Kazi yake ni kumeza uchafu. Seli ikichakaa hujiua yenyewe, kwa adabu kabisa: inasinyaa, inajigawa vipande vidogo, na za jirani zinaimeza bila kelele. Mwili wako unafanya hivyo kila siku na huna habari. Lakini vumbi la jiwe halisagiki. Seli ikilimeza linaitoboa kwa ndani, nayo inakufa vibaya, inapasuka na kumwaga sumu pamoja na vumbi lile lile. Inakuja nyingine, inalimeza, nayo inapasuka. Vumbi halipungui. Wanaokwisha ni wafagiaji.

Halafu zinakuja seli za kushona kovu. Hizo zilitakiwa kujiua kazi ikiisha. Zinakataa. Zinashona tu, mpaka pafu linakuwa gumu kama soli ya kiatu. Hapo ndipo ulipofika wewe, baba, na dawa sina.

Wewe ulikata mawe laini, ndiyo maana umeuona uzee. Haya ya kiwandani yanaua vijana. Bonge avae barakoa, akate kwa maji ili vumbi lisiruke. Ikiwezekana umtoe kabisa. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kukuomba vitu.

Binti yako

19 Aprili

Binti yangu, marahaba.

Natumai u mzima. Barua yako nimemsomea Bonge, tukacheka mpaka tukakohoa wote wawili. Hizo seli za kiburi zimenifurahisha. Nimemwambia, ndiyo mimi huyo: kazi imeisha na siondoki ng'o.

Maji siyataki. Yanarusha tope mpaka kwenye viti vya wateja. Barakoa zako nimezipatia kazi nzuri zaidi: nimeziweka kwenye kikapu mlangoni, mteja akija kuchagua jiwe anapewa moja. Wake za wakubwa wanazipenda mno, wanasema hapa kwangu kuna ustaarabu. Bonge akiivaa sisikii anachonijibu, na anaonekana kama mwizi.

Ana kikohozi kidogo, mafua hayo. Amepungua pia, na afadhali, jina lilikuwa limemkaa mno. Jiwe langu ameshalikata, sasa analisugua. Likiloa linaficha kasoro, kwa hiyo nimemwamuru alisugue kavu. Ukilitazama unaiona sura yako.

Baba yako

7 Mei

Baba, shikamoo.

Hayo si mafua. Mtoe leo, akapigwe picha ya kifua. Nimemwandikia mwenyewe, amenijibu mstari mmoja: baba anataka jiwe liishe kwanza. Kwani lina haraka gani? Si umesema huondoki? Mwache akauze hata soksi barabarani.

Mwambie wewe. Mimi ananipenda tu, wewe anakuogopa.

Binti yako

30 Septemba

Binti yangu,

Sijui nianze na salamu gani. Shangazi yako alikupigia simu, basi unajua. Watu waliuliza mbona hukuja kuzika, nikawaambia panya hawana mtu mwingine.

Siku za mwisho alikuwa mwepesi. Nilimbeba mwenyewe kumpeleka chooni, mimi na pumzi zangu hizi. Alikuwa akiniomba radhi kwamba herufi ya mwisho ya jina langu haijang'aa. Nikamwambia ataimalizia akipona. Ndivyo nilivyomwambia.

Jiwe lilikuwa tayari, jina tu ndilo halikuwa lake. Nikalisugua langu mpaka likafutika, nikachonga lile alilopewa na mama yenu. Nilisugua kavu, mdomo wazi. Vumbi nililimeza kwa makusudi, nikizifikiria seli zako, nikasema na zipasuke zote. Hazikupasuka zote. Nipo.

Lakini sasa naogopa. Sikudhani nitaogopa. Barakoa imebaki moja kikapuni, naivaa kutwa nzima nikiwa kwenye kiti changu, na mashine kimya. Njoo nyumbani. Sina mtu mwingine.

Baba

22 Oktoba

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini, nimesimama. Nimelia, na si kwa ajili yako. Sikuja kuzika kwa sababu ningelitazama jiwe lile na kuiona sura yangu, kama ulivyonisifia.

Hapa tunatafuta dawa ya kuzikumbusha zile seli za kovu kwamba kazi imekwisha, ziondoke. Kwa panya imeanza kukubali. Itakapowafikia watu, wewe utakuwa umeshachelewa, na sitakudanganya kwamba hilo linaninyima usingizi.

Siji. Kaa hapo mlangoni, unipigie kelele kama ulivyompigia yeye.

Na hiyo barakoa ivue. Ni ya wateja.

Dada yake Bonge