Fataki Tatu za Mstari wa Mwisho

Dupuyer, Montana
Tarehe 9 Desemba

Kwako dada Maren,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Curtis, nikitumaini kifua chako kimetulia tangu theluji ianze huko Spokane. Huku tu wazima wa kusema hivyo. Ng'ombe wameshuka wote kutoka malisho ya juu, isipokuwa yule ndama mwenye sikio lililochanika, na majani makavu yatatufikisha Machi upepo usipotuonea. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usishangae. Mimi na kalamu hatujaonana tangu shule, na kama nimeketi mezani kuandika badala ya kupiga simu, ujue simu nimeiinua mara tano na mara tano nimeirudisha.

Barua yako niliipata Ijumaa. Unasema Baba hali. Anasukuma sahani, anakunywa kahawa chungu, na sindano yake ya sukari mpaka umshike mkono kama mtoto. Unasema ulipombembeleza ale japo viazi, alikujibu kwamba mtu aliyemlisha dubu mwanawe wa kumzaa hastahili kulishwa na mtu. Na daktari amekwambia wazi kwamba mzee wa miaka sabini na tisa mwenye sukari akiendelea hivi, Krismasi haioni. Dada, nilisoma hapo nikatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Unaniuliza pia kama uviuze vyombo vyake vya kutengenezea risasi, vile vyuma vilivyofungwa kwenye meza ya karakana. Umeandika kwamba mzee amekwisha, vidole vyake vimekufa ganzi, na kwamba ungemnyang'anya vyuma hivyo miaka miwili iliyopita wala yasingetokea haya. Sikukulaumu. Mtu aliye mbali huona anachoonyeshwa. Ila naomba usiuze kitu mpaka uimalize barua hii.

Mdogo wetu Nels anaendelea. Walimtoa hospitali Great Falls tarehe ishirini na nane. Bega limeshonwa, uso umesalimika isipokuwa kovu shavuni, lakini mkono wa kushoto umebaki na vidole viwili. Fundi wa kwato za farasi mwenye vidole viwili, dada! Yeye mwenyewe anatania, anasema farasi wote wa kaunti wamefanya sherehe. Nacheka naye, kisha naenda bafuni na kufungulia maji ya bomba ili asinisikie.

Najua habari umezipata vipande vipande, kwa hiyo ngoja nikupe yote kama yalivyokuwa.

Tulipanda mlimani Jumatano ya wiki ya tatu ya msimu, mimi, Nels na nyumbu mmoja. Saa tatu asubuhi Nels alimpiga dume la elki, kulungu mwenye pembe kama matawi, kwa risasi moja tu, nyuma ya bega, likaenda hatua ishirini likalala. Alifurahi huyo! Akasema mwaka huu nyama ni yake, mimi nitakula dengu mpaka nimwombe radhi. Basi akajaza tena bunduki, risasi tatu za mwisho kwenye kisanduku chake, akaiegemeza kwenye gogo karibu naye, akaanza kuchuna. Unajua dubu wa huku siku hizi: mlio wa bunduki kwao ni kengele ya chakula. Kopo la dawa ya pilipili la Nels lilikuwa limefungwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa kwa nyumbu, na nyumbu nilikuwa naye mimi, namtafutia njia ya kupanda kupitia miti iliyoanguka. Nilikuwa chini yake hatua kama mia na hamsini.

Nilisikia Nels akipaza sauti, ile sauti nzito ya kumfukuza mnyama, "Hee! Hee!" Nikatupa kamba. Nikawa napanda na kopo langu mkononi, nasubiri mlio wa bunduki. Maren, nilipanda nikisubiri mlio ule na haukuja. Nilipofika juu dubu alikuwa amemlalia. Nilimpulizia pilipili yote usoni, mpaka kopo likakauka, nami mwenyewe sioni. Akakohoa, akaondoka akivunja vijiti. Nilimkuta Nels ameufunika uso kwa mkono ule wa kushoto, ndiyo maana uso ukapona na mkono haukupona.

Kilichotokea alinieleza mwenyewe hospitali, siku ya tatu. Alisema dubu alitoka vichakani hatua thelathini kutoka kwake, akaja moja kwa moja bila vitisho. Nels alimlenga kifuani, akavuta. Ikalia tik. Basi, tik tu. Na unakumbuka Baba alivyotulea: bunduki ikilia tik usiguse komeo, huenda baruti imechelewa tu na italipuka usoni mwako, elekeza mtutu pasipo na mtu uhesabu mpaka thelathini. Tumechapwa kwa sheria ile. Nilichapwa nikiwa na miaka kumi kwa sababu nilihesabu kumi na nne nikafungua. Nels akaniambia, na machozi yanamtoka huku akicheka, kwamba mdogo wako ni mjinga wa kwanza duniani, alisimama na dubu yuko mbele yake akaanza kuhesabu. Alifika nne.

Siku iliyofuata askari wa wanyamapori alikuja nyumbani na bunduki ya Nels. Aliweka risasi ile mezani ikiwa imesimama kichwa chini, akapitisha ukucha kwenye kitako chake. Ukucha ukakwama. Akasema fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, haikukaa. Haikuzama mpaka chini kwenye kishimo chake, imebaki imeinuka kama unene wa karatasi mbili, kwa hiyo pini ilipoigonga, nguvu yote ikaishia kuisukuma ndani badala ya kuiwasha. Akasema kwa upole, maana ni kijana mwenye adabu, kwamba ingegongwa mara ya pili ingewaka. Mbili zilizobaki kwenye bunduki zilikuwa vilevile. Baba alikuwa amekaa pale pale. Akanyoosha kidole gumba chake, akapapasa kitako cha ile risasi, akapapasa tena, na nikaona usoni kwamba hasikii kitu. Askari akauliza nani alizitengeneza. Baba akajibu, mimi, zote. Hakunitazama. Jumapili yake ukaja kumchukua.

Sasa dada, shika kiti.

Baba hajaweka fataki hata moja tangu mwaka jana. Mwezi wa kumi mwaka huu alinifuata zizini, akanizungusha kwa habari za hali ya hewa mpaka nikachoka, ndipo akasema vidole havimwambii kitu tena, na kama naweza kumsaidia lile la fataki tu. Baruti na vichwa vya risasi atafanya mwenyewe, maana mizani anaiona na mkono wa mashine anauvuta. Akanitaka niape nisiwaambie, wewe wala Nels. Alisema Nels akijua atanunua risasi dukani, na siku watoto wake, watoto wa Alden Brekke, watakapowinda na risasi za dukani, yeye atakuwa mgeni ndani ya nyumba yake. Nikaapa. Nilijisikia mtu mkubwa kwelikweli.

Tulifanya Jumapili ile mchana, maganda sitini, ishirini ya kila mmoja wetu. Sheria yake unaijua: kila kishimo kisuguliwe kwa kibrashi cha waya masizi yatoke, fataki isukumwe mpaka uisikie imegota, halafu gumba lipite juu. Ukisikia bonde, sawa. Ukisikia kilima, itoe. Yako niliyasugua moja moja. Yangu pia. Ya Nels yalikuwa ya mwisho, na mpira ulikuwa unaanza saa nane kwenye televisheni. Baba akaingia ndani kunywa dawa. Sikusugua hata moja, Maren. Nilibana fataki juu ya masizi, ishirini zote, nikamaliza kabla hajarudi. Yeye akapitisha gumba lake lililokufa juu ya kila moja, akasema safi, akatia baruti, akafunga.

Hiyo ni nusu. Ningekuwa na hiyo tu ningeiita haraka, ningelia nayo na kusamehewa. Nusu ya pili ni hii. Nilipokuwa nazipanga kwenye kisanduku cha Nels, gumba langu lilisikia vilima vitatu. Nilivisikia, dada. Gumba langu ni zima. Kwenye ganda tupu ni kazi ya kusukuma tena tu, lakini kwenye risasi iliyokwisha jazwa huthubutu, italipuka mkononi. Ni lazima uing'oe kichwa, umwage baruti, uanze upya. Ningeanza upya ningelazimika kumwambia Baba kwamba amezipapasa yeye mwenyewe na hakuziona. Na mpira ulikuwa umeshaanza. Nikaziweka mstari wa mwisho, nikajiambia nitamnong'oneza Nels azimalize kwenye shabaha anaporekebisha darubini. Alipokuja kuchukua kisanduku, Baba alikuwa amesimama pale akimsifia mzigo ule, anamwambia hujapata kubeba risasi nzuri kama hizi. Nami nikanyamaza. Nilimwona Nels anaziweka kwenye gari. Nilikuwa na wiki tatu za kumwambia, na kila siku nilisema kesho.

Kwa hiyo Baba hakumlisha dubu mtu yeyote. Anadhani gumba lake ndilo lililomwangusha, na anadhani ananikinga mimi na kosa dogo la mkono usiozoea, ndiyo maana amelibeba lote mwenyewe na hakusema neno. Hajui kwamba nilijua. Ametoka nyumbani kwake kwa aibu yangu, na anakufa na njaa kwa ajili yangu, nami nimekaa wiki hizi zote nikimwacha, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kuamini na ilikuwa rahisi. Ni uoga, sina jina jingine la kuupa.

Leo asubuhi nimemwambia Nels. Alikuwa anajifunza kufunga kamba ya kiatu kwa vidole viwili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama timu yetu ilishinda siku ile. Nikamwambia ilishindwa. Akasema basi, nitoke. Nimetoka. Sijui atanisemesha lini, na simwombi.

Nakuomba wewe umsomee Baba barua hii, yote, kwa sauti, akiwa ameketi. Usimpe mkononi, maana akifika kwenye kosa langu ataikunja na kukwambia mwandiko hausomeki. Atanitetea, unamfahamu. Usikubali. Kisha mwekee chakula mbele, na umwambie hana deni la kufunga njaa kwa ajili ya mtu.

Wasalimie wote hapo, shemeji Curtis na majirani zako wanaouliza habari zetu. Salamu za hapa ni zangu peke yangu kwa leo. Jumapili, barabara ikiwa wazi, nitaendesha mpaka kwenu, nisimame barazani kwako na kubisha. Usinifungulie wewe, dada. Mwache Baba afungue, au aache.

Ndimi mdogo wako,
August