Pikapu ya Mbuzi na Vanishi ya Makopo Mawili

Baba Mutua,

Sijui barua ya mtu aliyekufa hupelekwa wapi, kwa hivyo hii nitaikunja niiweke ndani ya Biblia yako, mambo yaishie hapo. Nilijaribu kuongea na wewe kaburini kule Mukuyuni mwezi wa pili, lakini dada yako alikuwa amesimama nyuma yangu akisikiliza, na wewe unamjua dada yako. Nikang'oa magugu, nikarudi zangu Kitui.

Ni mwaka sasa tangu uondoke, kasoro miezi miwili. Gereji iko wazi. Lile bati la upande wa choo uliloahidi kulitengeneza kwa miaka mitatu, Mutua alilitengeneza asubuhi moja. Nakwambia tu. Ametimiza ishirini na mbili na ndiye anashika bunduki ya kupulizia rangi siku hizi. Mkono wake ni mwepesi kama wako, pengine kukuzidi kidogo, usikasirike. Mimi bado nachanganya rangi. Watu walidhani wewe ndiye mwenye jicho la rangi, na wewe ukawaacha wadhani hivyo. Siku hizi wanajua.

Nakuandikia kwa sababu ya gari moja.

Mzee Musyoka, yule mfanyabiashara wa mbuzi wa Tseikuru, amenunua pikapu mpya. Mpya kabisa, si ile mpya ya kuambiwa. Rangi ya krimu, viti bado vimefunikwa nailoni, na ole wake atakayeigusa hiyo nailoni. Aliileta kwetu moja kwa moja kutoka Nairobi kabla hata mke wake hajaiona. Alitaka ipakwe kitu cha kuilinda, maana ile ya kwanza ililiwa na kutu ikiwa bado changa. Jumapili ilikuwa iombewe kanisani. Na alikuwa ameshachagua mwenyewe: ile vanishi ya makopo mawili, ile unachanganya na dawa ya kukaushia, ikikauka gari inakuwa kama kioo. "Nataka pasta akiweka mkono kwa boneti ajione mpaka meno," alisema, akacheka peke yake.

Hiyo vanishi unaijua kuliko mtu yeyote. Vumbi likiigusa kabla haijakauka kazi imeharibika, kwa hivyo ulikuwa unafunga milango, unaziba madirisha kwa magunia, unajifunga leso mdomoni, unaingia. Ukitoka macho ni mekundu na neno la kwanza ni lile lile: "Maziwa yako wapi?" Kila fundi wa rangi mji huu anakunywa maziwa akimaliza kazi. Yanasafisha kifua, ndivyo mlivyoambiwa na waliowafundisha, na wao waliambiwa na wengine. Mimi ndiye nilikuwa nachemsha. Miaka kumi na minne. Ukikohoa sana, naongeza kikombe cha pili.

Siku hiyo nilitoka sokoni nikakuta Mutua na mzee wameshakubaliana. Pikapu iko ndani, madirisha yameshazibwa, na mzee amekaa nje kwenye debe akingoja kioo chake. Mutua alikuwa anachanganya makopo. Na pale dirishani, juu ya gunia, kulikuwa na pakiti ya maziwa, ile ya pembe tatu. Alikuwa amejinunulia mapema ili akitoka aikute.

Niliitazama ile pakiti, nikaweka kikapu chini.

Kuna jambo sikukwambia. Wiki yako ya mwisho hospitalini, daktari aliniita kando akaniuliza ulikuwa unafanya kazi gani, na unajikinga vipi. Nikamwambia juu ya maziwa. Nilimwambia kwa maringo hata, kama mke anayetunza mume wake. Yule daktari kijana alivua miwani yake akaipangusa. "Mama, maziwa yanaenda tumboni," alisema. "Alichokivuta kilienda kwa mapafu. Ni njia mbili tofauti." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Nikarudi kwa kitanda chako, na wewe ukaniuliza kama nimeleta maziwa. Nilikuwa nimeleta. Nikakuinua kichwa, ukanywa, ukasema yanakusaidia. Ningekwambia nini, Baba Mutua? Nilinyamaza. Nimenyamaza mpaka hiyo siku ya pikapu.

Nikamwambia Mutua aitoe gari nje. Akadhani natania. Nikaingia nikaitoa breki ya mkono mwenyewe, nikaisukuma, na mzee akaruka kutoka kwa debe akisema aiya, huyu mama ataniharibia mlango!

Sikutaka kuanza na mambo yako mbele ya mteja. Nikaanza na mbuzi. Nikamuuliza mzee, ile pikapu yako ya kwanza iliozea wapi? Akafikiri. Akasema ni nyuma, kwa sakafu, na chini pale magurudumu yanarusha mawe. Boneti je? Boneti ilikuwa sawa. Basi, nikamwambia, adui wako ni mkojo wa mbuzi na kokoto za barabara ya Tseikuru, na wote wawili hawapiti kwa boneti. Ukipaka kioo juu, mbuzi watakojolea pale pale chini. Kinachokufaa ni ile lami nzito ya chini ya gari, ipakwe mikono mitatu, sakafu yote ya nyuma na tumbo lote la gari. Huku juu rangi ya kiwandani inatosha, tutaisugua nta, na miiba ikichora utairudisha tuisugue tena.

Mzee alinung'unika sana. "Yaani gari yangu mpya ikae kama chungu cha kupikia muthokoi? Juu safi, chini masizi?" Lakini alikuwa ameinama tayari, anachungulia chini ya gari, na mfanyabiashara akiinama amekubali.

Mutua ndiye hakukubali. Alisimama na lile kopo mkononi akaniambia namwaibisha, kwamba kazi kama hiyo haijawahi kuondoka hapa bila kupigwa vanishi, kwamba "Baba hangekataa." Na ni kweli, hungekataa. Ungeziba madirisha ukiimba. Hapo ndipo niliponyanyua ile pakiti ya maziwa nikamweleza maneno ya daktari, yote, mzee Musyoka akiwa pale pale anasikia.

Mutua aliuliza swali moja tu. "Baba alijua?"

Nikasema hapana.

"Ukamwacha akinywa tu."

Nikasema ndiyo.

Aliweka kopo chini polepole, akatoka kwa lango. Siku mbili sikumwona. Unajua mimi si mtu wa kulia, hata siku ya kukuzika walinisema. Siku hizo mbili nililia mpaka jirani akaniletea uji akidhani naumwa.

Lakini kazi ya watu ni kazi ya watu. Niliiosha pikapu nikaikausha, nikaikwaruza sakafu ya nyuma kwa msasa ili lami ishike, nikaipaka kwa brashi pale uwanjani, upepo ukipita. Mkono wa kwanza, nangoja ikauke, wa pili, nangoja. Kulala chini ya gari katika umri wangu si mchezo. Mzee alikuwa amelala kwa binamu yake hapa mjini na kila asubuhi anakuja kunitazama miguu ikitokeza chini ya gari lake. Hakusema neno baya. Siku moja aliniwekea soda karibu na gurudumu, akaenda.

Siku ya tatu nilikuwa nasugua nta kabla jua halijapasha bati moto, nikasikia lango. Mutua alichukua kitambaa kingine akaanza upande wake. Alipofika kwa mlango wa kushoto, ambao nilikuwa nimeumaliza, akatazama, akaniita mama kama kawaida: "Mwaitu, hapa umeacha michirizi." Akarudia kuusugua wote. Mimi nikamwacha, hata kama michirizi haikuwepo.

Gari iliombewa Jumapili. Pasta hakujiona meno, lakini alisema ni gari nzuri. Mzee ametuma salamu kwamba ameshabeba mbuzi mara nne na akimwaga maji nyuma yanatelezea chini, hakuna kutu hata chembe. Vanishi ya makopo mawili hatupigi tena mpaka ije maski ya raba yenye vichujio, ambayo nimeagiza na bado inakawia. Wateja wawili wamevuka kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeziba madirisha. Waende. Huyo fundi pia nilimfuata nikamweleza. Alinicheka, akanionyesha chupa yake ya maziwa. Nitarudi kumweleza tena.

Mutua anakohoa kidogo asubuhi. Anasema ni vumbi. Nilimpeleka apigwe picha ya kifua, akaenda akinuna kama mtoto, na wakasema kifua ni kizima. Nilikaa kwa benchi ya hospitali nikaisoma ile karatasi mara tatu, mpaka yeye akanishika mkono twende. Hajaniambia amenisamehe na mimi sijamuuliza. Na wewe je? Wewe nakuomba unisamehe, kwa kunyamaza na kwa vile vikombe vya pili.

Najua unamkumbuka Mutua. Mlikuwa mnapendana nyinyi, mpaka nikajiona mgeni nyumbani kwangu. Lakini nisikilize, Baba Mutua, maana ndilo jambo lililonikalisha hapa na kalamu. Usimngoje. Mimi nitatangulia kuja, hiyo ni ahadi, na yeye atakuja nyuma sana, mzee asiye na meno, mpaka upate taabu kumtambua.

Lala salama.

Mama Mutua